Kati ya "Vaa" na "Vua": Historia ya Barakoa, Sheria na Haki katika Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya karibuni ya barakoa ya afya katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hususani katika mji wa Bwera na mpaka wa Mpondwe, tangu mlipuko wa Ebola wa 2018–2020 hadi kuingia kwa mpox mwaka 2024. Hoja kuu ni kwamba kanuni za afya nchini Uganda ziliitambua barakoa kama wajibu, lakini hazikuiandika kuwa haki. Wajibu ulipokoma, mvaaji alibaki bila tamko la wazi la kumlinda, katika eneo ambalo uso uliofunikwa hutiliwa shaka kwa sababu za kiusalama zinazoeleweka. Makala yanaonyesha zaidi kwamba pengo hilo ni la kisheria na la kilugha kwa pamoja: mpakani, amri hutolewa kwa Kiswahili, ilhali haki zimehifadhiwa kwa Kiingereza. Mapendekezo yanatolewa kuhusu namna ya kuiandika haki hiyo bila kuudhoofisha usalama.

Istilahi kuu: barakoa, haki, wajibu, Kasese, Bwera, Kiswahili cha mpakani

1.0 Utangulizi

Irabu moja tu huyatenganisha maneno mawili yanayobeba makala haya: vaa na vua. Wanasarufi hufundisha kuwa la pili hutendua lile la kwanza, kama fungua inavyotendua funga. Katika maisha ya kawaida maneno hayo huhusu nguo. Kwa wakazi wa Kasese na Bwera, hata hivyo, yamekuwa pia maneno ya dola. Mwaka mmoja aliyesimama mlangoni anasema vaa. Mwaka mwingine anasema vua. Na uso unaoambiwa hivyo ni uleule.

Mwandishi wa makala haya aliyapata maneno yote mawili mlangoni pa ofisi moja mjini Kasese. Mwaka 2021 alirudishwa kwa sababu barakoa yake ilikuwa imekatika kamba. Mwishoni mwa 2023, akiwa na mafua mazito na akichelea kuwaambukiza wenzake, alifika palepale amefunika pua na mdomo; mlinzi akamwamuru avue ndipo aingie. Mara zote mbili amri ilitolewa kwa Kiswahili. Mara zote mbili mwandishi alitii bila kuuliza ni sheria gani iliyokuwa ikitumika. Ni aibu ndogo kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuliza, lakini ndiyo iliyozaa swali la makala haya: mtu anapotaka kuvaa barakoa mahali pa umma, kwa ajili ya afya yake au ya wenzake, je, anatumia haki au anaomba ruhusa?

Swali hili si la anasa. Uganda, pamoja na Kenya, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Mgonjwa aliyeanza tiba hushauriwa afunike pua na mdomo awapo karibu na watu, mpaka dawa zimpunguzie uwezo wa kuambukiza. Mtu huyo husafiri kwa gari la abiria kwenda kuchukua dawa, hupanga foleni, hupita vizuizi vya barabarani. Iwapo kuvaa kwake kunategemea hiari ya mlinzi wa zamu, basi tiba yake nayo, kwa sehemu, inategemea hiari hiyo.

2.0 Historia ya neno kabla ya kanuni

Kabla ya kuitazama sheria, yafaa kulitazama neno lenyewe, kwa kuwa historia yake inapingana na dhana kwamba barakoa ni mzigo tu. Barakoa ni neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka burqu'. Katika Zanzibar ya karne ya 19 lilitaja kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa tabaka la juu, hasa wenye asili ya Omani. Kilifunika sehemu ya juu ya uso na kuacha matundu ya macho, na kilikuwa alama ya hadhi. Mwanamke mtumwa hakuwa na nafasi ya kukivaa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics (2001), ameonyesha jinsi mavazi yalivyoitenga jamii ya Zanzibar kitabaka, na jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoyatumia mavazi kudai utu wao baada ya utumwa kukomeshwa. Kadiri buibui lilivyoenea mwanzoni mwa karne ya 20, barakoa ilififia, na neno likabaki zaidi katika kamusi na katika kumbukumbu za wazee.

Kwa muda mrefu, basi, barakoa ilikuwa haki ya wachache. Kuivaa kulitangaza kwamba mvaaji ana uwezo wa kuamua nani aone uso wake. Mwaka 2020, wanahabari na serikali za Afrika Mashariki walipohitaji neno la Kiswahili la kutaja kifuniko cha pua na mdomo, walilifufua neno hili na kulipa kazi mpya. Ufufuo huo ulifanikiwa kwa kasi ambayo wanaistilahi huiona mara chache. Hata hivyo, neno lilipohama kutoka kwenye hadhi hadi kwenye afya, lilipoteza ile maana ya uamuzi wa mvaaji. Liliingia katika matumizi mapya likiwa limeambatana na neno moja tu: lazima.

Neno hilo halikuwa peke yake mpakani. Wachuuzi wanaotoka Kasindi, Beni na Butembo walikuja na kashene, lililotoholewa kutoka Kifaransa likiwa na maana ya kificha pua. Upande wa Uganda wengi walisema maski, kwa kufuata Kiingereza. Katika gulio moja, kitu kimoja kilikuwa na majina matatu, na kila jina lilikuja na dola yake.

3.0 Mpaka na lugha zake

Bwera iko karibu kabisa na mpaka wa Kongo, chini ya milima ya Rwenzori. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo, ambao lugha zao husikilizana, wana undugu uliotangulia mpaka wenyewe. Watu huvuka kwa ajili ya gulio, harusi, mazishi, shamba na matibabu. Baadhi hupita kwenye kituo rasmi cha Mpondwe. Wengine hutumia njia za panya, ambazo kwa familia iliyogawanywa na mto ni njia za kawaida za kwenda kwa shangazi.

Kiswahili kilifika hapa kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni biashara na Kongo. Wa pili ni kazi za mshahara: reli ya magharibi ilifika Kasese mwaka 1956, na migodi ya shaba ya Kilembe ikawavuta wafanyakazi wa lugha nyingi waliohitaji lugha ya kuelewana. Wa tatu ni jeshi na polisi. Nchini Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi tangu enzi za ukoloni, na raia wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Tangazo la Idi Amin la mwaka 1973, lililokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, halikuifuta sifa hiyo, pengine liliikoleza.

Milango hii imeacha mgawanyo wa kazi ambao msikilizaji makini huutambua mara moja. Kiswahili cha gulio ni cha mapatano: bei hupandishwa na kushushwa, utani hupita, na pande zote mbili huzungumza. Kiswahili cha kizuizi cha barabarani ni cha upande mmoja: simama, shuka, toa kitambulisho, vua. Vitenzi vyake viko katika hali ya amri, na jibu linalotarajiwa si neno bali ni tendo.

4.0 Kutoka Ebola hadi Korona

Mnamo tarehe 1 Agosti 2018 Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini. Kwa Kasese, habari hiyo ilikuwa ya jirani wa ukuta mmoja. Mpondwe pakawekwa vipimo vya joto na maji ya kunawa mikono, na mwezi Novemba mwaka huo Uganda ikaanza kuwachanja wahudumu wa afya wa wilaya za mpakani. Juni 2019 ugonjwa ulivuka. Mtoto wa miaka 5, aliyetoka Kongo na familia yake, alipelekwa katika hospitali ya Kagando na kisha akahamishiwa Bwera. Alifariki, na baada yake wakafariki mdogo wake na bibi yao. Mikusanyiko mikubwa, yakiwamo magulio, ilisitishwa kwa muda. Agosti mwaka huohuo msichana wa miaka 9 aligunduliwa mpakani akiwa na dalili, naye akafariki Bwera. Ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda, jambo ambalo ni sifa kubwa kwa wahudumu wa afya na kwa wananchi waliotoa taarifa.

Katika kipindi hicho barakoa ilikuwa vazi la mhudumu. Ebola huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, hivyo mwananchi wa kawaida hakutakiwa kufunika uso sokoni. Aliyefunika uso alikuwa mtu wa kituo cha matibabu, na kuonekana kwake kijijini kulimaanisha kuwa jambo limeharibika. Uganda ilikuwa na kumbukumbu chungu za thamani ya vifaa hivyo. Katika mlipuko wa Gulu wa mwaka 2000, Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alimhudumia muuguzi aliyeambukizwa. Alikuwa amevaa barakoa na gauni, lakini macho yake hayakukingwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Kwa wahudumu wa Bwera, funzo hilo halikuhitaji semina.

Machi 2020 mambo yaligeuka. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Uganda alithibitishwa tarehe 21 ya mwezi huo, na mwezi Mei Rais Yoweri Museveni akatangaza kwamba kila mtu atakayetoka hadharani avae barakoa. Serikali iliahidi kuwagawia bila malipo wote wenye umri wa miaka 6 na zaidi. Nguvu ya kisheria ilitokana na kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1935, sheria ya kikoloni iliyoandikwa wakati tauni na ndui vilikuwa hofu kuu ya watawala.

Kwa Kasese, amri hiyo ilifika katika wiki mbaya. Tarehe 7 Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika na kuikumba hospitali ya Kilembe. Wagonjwa wakahamishwa, na mafuriko ya mito ya wilaya yakawaacha maelfu bila makao. Watu waliopoteza sufuria na magodoro waliambiwa wasitoke bila barakoa. Wilaya za mpakani, Kasese ikiwa mojawapo, zilibaki chini ya vikwazo vya usafiri hata pale wilaya nyingine zilipolegezewa. Palipokosekana barakoa ya dukani, palitumika kitambaa cha kitenge, leso, hata kola ya sweta iliyovutwa hadi puani askari alipoonekana na kuachwa ishuke alipopita. Kitendo hicho kidogo kinaeleza mengi kuliko takwimu. Watu wengi walijifunza kuivaa barakoa kwa ajili ya askari, na somo hilo lilipoisha, barakoa ilienda nalo.

Utekelezaji haukuwa mpole. Mwaka 2020 mashirika ya haki za binadamu yaliripoti vipigo vilivyofanywa na vyombo vya usalama katika kusimamia masharti ya Korona nchini Uganda. Mwezi Novemba mwaka huo, kukamatwa kwa mgombea urais Robert Kyagulanyi katika wilaya ya Luuka, kwa madai ya kuvunja masharti hayohayo, kulizua maandamano ambamo watu zaidi ya 50 waliuawa. Kanuni za afya zilikuwa zimechanganyika na siasa, na barakoa, isiyo na kosa lolote, ikabeba sehemu ya chuki hiyo.

5.0 Uso uliofunikwa na kumbukumbu ya vita

Ingekuwa rahisi kuimalizia historia hii kwa kumlaumu mlinzi wa mlangoni. Lakini Kasese si mahali ambapo shaka juu ya uso uliofunikwa ni upuuzi. Harakati za Rwenzururu zilizotangaza kujitenga na Tooro mwaka 1962 ziliacha miaka mingi ya mapigano milimani. Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo na kushambulia Mpondwe na Bwera. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 mapambano kati ya vikosi vya serikali na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu mjini Kasese yaligharimu maisha ya watu zaidi ya 100. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini.

Baada ya usiku huo, kutaka kumjua anayeingia sokoni au shuleni ni jambo ambalo hakuna mzazi wa Bwera angelipinga. Mlinzi aliyemwamuru mwandishi avue barakoa huenda alikuwa na mtoto shuleni. Hoja ya makala haya si kwamba alikosea kutaka kuuona uso. Tatizo ni kwamba kati ya mahitaji yake na mahitaji ya mgonjwa hapakuwa na kanuni yoyote iliyoandikwa ya kuyapatanisha, na palipokosekana kanuni, aliyekuwa na rungu ndiye aliyeamua.

Pengo hilo lilionekana tena Julai 2024, Uganda ilipothibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox katika mlipuko mpya, nao walipatikana Kasese. Mpox huenea zaidi kwa kugusana, lakini mgonjwa hushauriwa pia avae barakoa anapolazimika kuwa karibu na wengine. Ushauri wa afya ulisema vaa, wakati mazoea ya ulinzi yalikuwa yameshahamia kwenye vua.

6.0 Wajibu, uhuru na haki

Kiswahili kina maneno matatu ambayo katika mazungumzo huchanganywa, lakini katika sheria hutofautiana. Wajibu ni jambo ambalo usipolitenda unaadhibiwa. Uhuru ni jambo ambalo hakuna sheria inayokukataza kulitenda. Haki ni jambo ambalo sheria humlazimisha mwingine akuache ulitende, au akuwezeshe. Kanuni za mwaka 2020 ziliifanya barakoa kuwa wajibu. Zilipoacha kutumika, barakoa ilirudi kuwa uhuru. Haki haikuandikwa.

Uhuru huo si mdogo. Kanuni ya Adhabu ya Uganda, kama zile za Kenya na Tanzania, inalitambua kosa la kukutwa umefunika uso kwa nia ya kutenda kosa kubwa la jinai. Uzito wote uko kwenye nia. Asiye na nia hiyo havunji sheria kwa kufunika uso, na mgonjwa anayejikinga yuko mbali kabisa na kosa hilo. Lakini uhuru una udhaifu wake: mwenye mlango, awe wa benki, duka au basi, anaweza kuweka sharti lake, na mvaaji hana andiko la kumwonyesha.

Je, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaweza kuliziba pengo hilo? Katiba haina ibara inayotaja barakoa, wala inayosema waziwazi kuwa kuna haki ya afya. Hata hivyo, Ibara ya 20 inasema haki za msingi ni za asili wala hazitolewi na dola. Ibara ya 22 inalinda uhai. Ibara ya 45 inaeleza kuwa kutotajwa kwa haki fulani hakumaanishi kuwa haipo. Na Ibara ya 43 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, mradi mipaka hiyo isizidi kile kinachokubalika na kuthibitika kuwa na uhalali katika jamii huru ya kidemokrasia. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba, katika shauri kuhusu akina mama waliofariki wakati wa kujifungua, iliona kuwa dola ilikiuka haki za kikatiba kwa kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi. Hukumu hiyo inaonyesha kuwa majaji wako tayari kuisoma afya ndani ya uhai na utu.

Kenya inatoa mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walifungwa gerezani Kapsabet kwa kutofuata tiba, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma yenye asili moja na ile ya Uganda. Machi 2016 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kuwa kumfunga mgonjwa gerezani kwa ajili ya tiba ni kinyume cha Katiba. Funzo ni kwamba sheria ya kikoloni iliyomwona mgonjwa kama hatari tu inaweza kusomwa upya ili imwone pia kama mwenye haki.

Tanzania ilipitia njia tofauti. Wakati Uganda iliilazimisha barakoa, Tanzania haikuiwekea sharti la jumla, na kauli za viongozi wakuu ziliwafanya wavaaji wengi wajione wanatazamwa kwa jicho baya. Februari 2021 Rais John Magufuli alilazimika kufafanua kuwa serikali haikuwa imezipiga marufuku barakoa, akihimiza zinazotengenezwa nchini. Kwamba ufafanuzi kama huo ulihitajika ni ushahidi wa hoja yetu: pale ambapo haki haijaandikwa, mwananchi huitafuta katika sura ya mkubwa.

Nje ya Afrika Mashariki, swali hili limejibiwa kwa maandishi, mara nyingi ndani ya sheria zenye lengo la kukataza. Ufaransa ilipopiga marufuku kuficha uso hadharani mwaka 2010, iliacha wazi sababu za afya. Jimbo la New York lilifuta mwaka 2020 sheria ya tangu 1845 dhidi ya mikusanyiko ya watu waliofunika uso, kwa kuwa haikupatana na masharti ya Korona. Mwaka 2024 bunge la North Carolina, lililokuwa likikaza sheria yake, lilibakiza ruhusa ya barakoa ya kuzuia maambukizi baada ya mabishano makali. Barani Afrika, Chad ilipiga marufuku vazi la kufunika uso wote mwaka 2015 baada ya mashambulizi ya mabomu. Uganda haina marufuku ya aina hiyo, na hilo ni jema. Lakini nchi yenye majeraha ya usalama kama ya Kasese inaweza kuifikia siku moja kwa haraka, baada ya usiku mmoja mbaya. Ni vyema haki iandikwe kabla ya usiku huo.

7.0 Amri kwa Kiswahili, haki kwa Kiingereza

Tuchukulie kwamba hoja zote za kikatiba hapo juu ni sahihi. Mgonjwa wa Bwera atazitumiaje mbele ya mlinzi? Katiba anayoweza kuirejelea iko kwa Kiingereza. Ushauri wa tiba aliupata hospitalini kwa Lhukonzo. Amri ya kuvua inatolewa kwa Kiswahili. Ili ajitetee, anatakiwa kuitoa haki katika lugha moja, kuifikiri katika nyingine na kuitamka katika ya tatu, mbele ya mtu asiyezoea kujibiwa.

Ibara ya 4 ya Katiba inaitaka serikali kuitafsiri Katiba katika lugha za Uganda na kuieneza. Ibara ya 6, baada ya marekebisho ya 2005, inakitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira yatakayowekwa na Bunge. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kukitekeleza Kiswahili kama lugha rasmi kufuatia agizo la wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi huohuo Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi shule na walimu. Mpakani, jambo la haraka zaidi ni kukipa Kiswahili msamiati wa upande wa pili wa mlango.

Mfano wa sentensi unatosha. Mwaka 2020 ujumbe wa milangoni ulijengwa kwa muundo wa sharti na ukanushi: bila barakoa huingii. Hakuna ubaya wa kisarufi hapo, ila nafsi inayozungumziwa ni ya kuzuiwa. Linganisha na sentensi hii: Una haki ya kuvaa barakoa; utaombwa kuonyesha uso kwa muda mfupi ili utambuliwe. Sentensi hiyo inampa mlinzi anachokihitaji, inampa mgonjwa anachokihitaji, na inatumia kitenzi omba mahali pa lazimisha. Mlinzi na mchuuzi wa Butembo wangeielewa bila mkalimani.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Barakoa katika Kasese na Bwera imepita hatua tatu katika muda mfupi: vazi la mhudumu wakati wa Ebola, sharti la kila mtu wakati wa Korona, na alama ya kutiliwa shaka baada ya shambulio la Lhubiriha. Katika hatua zote hizo dola ilizungumza na mvaaji kwa amri. Madhara yake yanaonekana leo: wanaoendelea kuvaa ni wachache, na kwa kuwa ni wachache, kila anayevaa hudhaniwa kuwa mgonjwa au mhalifu. Unyanyapaa wa aina hiyo humfanya mwenye kifua kikuu aiweke barakoa mfukoni hasa anapoingia kwenye gari lililojaa.

Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Wizara ya Afya, inapotunga kanuni nyingine chini ya Sheria ya Afya ya Umma, iongeze kifungu kifupi kinachosema kuwa mtu yeyote anaweza kuvaa barakoa ya afya mahali pa umma bila kudaiwa cheti cha daktari, na kwamba atatakiwa kuifunua kwa muda tu pale afisa au mlinzi anapohitaji kumtambua. Kudai cheti kungewafungia nje wale wasio na nauli ya kukifuata. Pili, kifungu hicho kichapishwe tangu mwanzo kwa Kiswahili na Lhukonzo pamoja na Kiingereza, na kitumike katika mafunzo ya polisi, wanajeshi na kampuni za ulinzi mpakani. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iandae pamoja na wizara za afya za nchi wanachama misemo ya pamoja ya vituo vya mpakani, ili anayevuka kutoka Kasindi hadi Mpondwe asome ujumbe uleule pande zote mbili.

Kwenye mipaka ya wilaya hii milipuko itaendelea kuja. Miaka sita iliyochunguzwa hapa imeshuhudia mitatu. Haifai kila mmoja uwakute wakazi wakisubiri kusikia irabu gani itatoka kinywani mwa mlinzi. Zanzibar ya zamani iliifanya barakoa kuwa haki ya wenye nasaba, na Uganda ya 2020 ikaifanya wajibu wa wote. Kilichobaki ni kuiandika kuwa haki ya kila mtu, kwa lugha ambayo muuza ndizi wa gulio la Mpondwe anaweza kuitamka mwenyewe akiwa amesimama mbele ya kizuizi.